Kereng'ende Waliopanda Lori

Sogeeni karibu na jiko, baridi ya Ufipa haina adabu. Zimeni hiyo redio. Anayetaka kukohoa akohoe sasa amalize, na huyo mchanga apewe titi lake, maana habari za maji hazipendi kukatizwa. Shule mimi sikwenda, mnajua wote. Nilichonacho ni sauti za watu waliokwisha kufa, na sauti za namna hiyo ukizipigia kelele hukimbia. Haya. Kimya.

Nilipokuwa mtoto tulikaa bondeni, kila ukoo na kilima chake, kabla serikali haijatuambia tusogee barabarani tuwe kijiji. Chini ya nyumba yetu palikuwa na kinamasi. Si ziwa wala mto, ni ardhi iliyokunywa maji ikalewa, imeota ukangaga na majani laini ya kijani kama sufu, ukikanyaga hapa panatetemeka pale. Maji yake yalikuwa meusi na baridi mwaka mzima, hata miezi ile ya kiangazi ambapo uwanda wote wa Ufipa huwa wa rangi ya nyasi kavu na upepo unapita juu yake ukilia.

Hapo ndipo walipokaa kereng'ende wale. Msidhani nawasema kereng'ende wa kawaida, hawa wekundu na wa manjano wanaocheza juu ya kila dimbwi la ng'ombe. Wale walikuwa weusi kama masizi ya chungu, wembamba, ncha ya mkia ina ubuluu wa majivu, na kila bawa lina utepe mweusi katikati kama kitambaa cha msiba. Hawakuruka hovyo. Walitua juu ya ukangaga wote wakielekea upande mmoja, kama watu waliosikia wanaitwa. Kwa Kifipa walikuwa na jina lao, lakini Bibi, mama yake Baba, alitukataza kulitaja tukiwa karibu na maji. Tukitaka kuwasema tulisema "wale wa kule".

"Kwa nini, Bibi?"

"Ukimwita mtoto wa mtu, mama yake ndiye anayegeuka. Akigeuka utamwambia nini?"

Ni kwa sababu pale ndipo walipozikwa watoto wasioota meno. Wazee wetu walisema mtoto aliyekufa kabla ya jino hajafika duniani sawasawa. Ukimzika kwenye ardhi kavu kama mtu mzima, tumbo la mama yake hukauka pamoja naye. Anazikwa penye maji, wanamzika wanawake peke yao, bila kilio cha sauti. Na kanisani nako, kwa desturi ya siku zile, mchanga aliyekufa kabla ya kubatizwa hakuwa na mahali kwenye makaburi yao. Basi ardhi kavu haikumtaka kwa kuwa hana meno, na ardhi ya misheni haikumtaka kwa kuwa hana jina. Kinamasi kilimpokea bila kuuliza swali.

Kisha mama yake alisubiri mvua. Mvua za kwanza zikishanyesha, alfajiri moja alikwenda na mwanamke mwenzake kutazama mabua ya ukangaga. Alikuwa anatafuta ganda. Mmewahi kuliona? Kitu kikavu, chepesi, cha rangi ya tope, kimelikumbatia bua kwa miguu yote, mgongo umepasuka, ndani hamna mtu. Sisi tuliliita nguo. Mama aliyekuta nguo alijua kwamba mwanawe amevua uzito wa tope, amepewa mabawa, ameondoka salama. Alilibeba kiganjani mpaka nyumbani, akalisaga kwa vidole, akajipaka tumboni, na msiba ukaisha. Kabla ya hapo hakuimba shambani, hakucheka na wenzake, hakulala na mumewe. Alikuwa mtu wa kusubiri tu.

Mwaka tuliohamishwa, Mama alikuwa anasubiri.

Mdogo wangu alikufa kwa kifua, katika miezi ile ya baridi kali. Mimi nilikuwa nang'oka meno ya mbele, na nitawaambieni kitu ambacho sikumwambia mtu wakati ule: niliogopa kufa kwa sababu ya pengo langu. Nilisikia wanawake wakisema, "Hana meno, apelekwe penye maji," nami nikatia ulimi pale mbele nikakuta hakuna kitu. Tangu siku hiyo nilifumba mdomo. Nilisalimia watu wazima midomo imebana, "Shikamoo" yangu ikawa kama mlio wa njiwa. Bibi ndiye aliyegundua. Alinishika kidevu akachungulia, akasema, "Wewe umeshafika, Skola. Umefika, umekaa, umekula na ugali wetu. Wanaokwenda kule ni wale ambao hawajafika." Nikapumua. Ila usiku niliendelea kulala na mkono mdomoni.

Mama hakuongea. Si kwamba alikasirika. Ukimwita alikutazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto, anaona midomo yako lakini sauti haivuki. Alipika, alisaga ulezi, alitengeneza matuta ya kufukia nyasi shambani kama wenzake. Jina langu hakulitaja. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumfikiria, na huyo hakuwa mimi.

Ndipo akaja Mzee Kauzeni, balozi wetu wa nyumba kumi, kofia mkononi.

"Mwanangu," alimwambia Baba, "wakubwa wamesema kabla ya mvua kila mtu awe barabarani. Lori linakuja. Nyumba itakayobaki na mtu, mgambo wataezua."

Baba alitazama chini. Mama, aliyekuwa amekaa kando ya kinu, ndiye aliyejibu, na sote tulishtuka kusikia sauti yake.

"Baada ya mvua."

"Mama Skola, baada ya mvua lori linazama. Halafu..." Mzee Kauzeni akazungusha kofia yake. "Halafu hapo kinamasini patakuwa shamba la kijiji. Trekta litachimba mfereji, maji yatoke."

"Yatoke yaende wapi?"

 Mzee alisema kwa sauti ya chini, "Hata wa kwangu wamo mle. Unadhani nimefurahi?" Akavaa kofia, akaondoka bila kunywa togwa aliyokuwa amewekewa.

Mama alisema hatoki. Alilisema mara moja tu, kisha akarudi ng'ambo yake ya mto. Baba alimbembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena. Jioni ile nilimsikia akimwambia Bibi nyuma ya nyumba, "Mama, wataniezulia nyumba na mke wangu yumo ndani. Atakufa kule kinamasini huyu. Nifanye nini?"

Bibi alivuta ugoro wake kwanza. "Hataki kumwacha mtoto," alisema. "Basi na tumhamishe mtoto."

Mchana wa kesho yake Bibi alichukua mtungi wake wa pombe ya ulezi, akausugua kwa mchanga mpaka ukakosa harufu, akanishika mkono. Mama alitufuata mbali kidogo, akasimama ukingoni. Jua lilikuwa kali lakini pale chini palikuwa na ubaridi wa ndani ya nyumba isiyokaliwa na watu. Wale wa kule walikuwepo wachache, maana hawakuwa wengi kiangazi. Walitua, wakatugeuzia macho.

Bibi alipiga magoti kwenye tope. Akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, jinsi wanawake wetu walivyowasalimu wakubwa. Akasema nao kwa Kifipa, na mimi ninawapeni kwa Kiswahili:

"Tunahama. Hatukuchagua. Anayetaka kuja, apande."

Kisha akaanza kuchota. Alichota tope la chini kabisa, mizizi, yale majani ya sufu, maji meusi. Alichota polepole kama anayepakua chakula cha wageni. Mtungi ulipojaa aliufunika kwa jani la mgomba na kuufunga kwa kamba. Hapo ndipo aliponiambia maneno ambayo yamekaa nami kuliko sala yoyote.

"Sikia, Skola. Maji hayahamishwi bure. Aliyeyabeba hukaa nayo. Huko tunakokwenda watalima ulezi, na huo ulezi mimi sitaula."

"Basi usiyabebe, Bibi."

"Abebe nani? Wewe? Au mama yako, ambaye bado ana watoto wa kuzaa?"

Niligeuka kumtazama Mama. Alikuwa ametupa kisogo.

Usiku ule mtungi ulikaa kwenye kona ya nyumba. Asubuhi, Bibi alipotoka kufunga mizigo, nilifungua jani nikachungulia. Nilitaka kumwona mdogo wangu. Mwanzoni niliona maji tu. Halafu tope likatembea. Kilikuwa kitu cha ukubwa wa kidole gumba, cha rangi ya udongo, macho makubwa pembeni mwa kichwa, hakina mabawa, hakina uzuri wowote. Kiluwiluwi cha chura kilipita mbele yake. Na uso wake, jamani, uso wake ukafunguka, ukatoka mkono kutoka kwenye uso, ukakamata, ukarudi. Kiluwiluwi hakikuonekana tena.

Nililirudisha lile jani nikakaa chini. Nilikuwa nikifikiri wafu wamelala. Hakuna aliyeniambia kwamba wanakula.

Lori lilikuwa limeshajaa vitanda, kuku, milango iliyong'olewa na bawaba zake. Dereva alikuwa kijana wa Mbeya, Mnyakyusa, jina lake Ambakisye, mcheshi, kofia ameigeuza nyuma.

"Shikamoo bibi. Huo mtungi uweke nyuma na masufuria."

"Haukai nyuma."

"Una pombe?"

"Hauna."

"Una nini basi?"

"Watoto."

Ambakisye alicheka. Akatazama watu wengine wacheke naye. Wanawake walikuwa wameinamisha vichwa, na Mzee Kauzeni alikuwa amevua kofia. Kicheko kikamkauka. Akaruka kutoka kwenye ngazi ya mlango wa lori mpaka chini.

"Jamani! Niliwaambia Mbeya, nikasema nipelekeni popote, Sumbawanga msinipeleke! Watu wa huku wanatuma radi mchana kweupe! Bibi, nakuomba kwa jina la Yesu, sema kweli. Hiyo ni radi?"

"Radi haibebwi kwenye mtungi, baba. Ungepasuka."

"Mnasikia? Ungepasuka! Mpaka vyombo vyake anavijua!"

Watu walicheka, nadhani ni kicheko cha kwanza bondeni kwetu tangu habari za kuhama zije. Mzee Kauzeni akasema, "Washa gari, kijana."

"Mzee, mimi nina mke Tukuyu. Nina mtoto anatambaa."

"Na huyu mama naye ana wa kwake. Washa."

Ambakisye alizunguka lori lake, akapiga mateke magurudumu, akajisemea. Mwishowe akafungua mlango wa mbele. "Bibi, panda hapa kwangu. Afadhali nikuone kwa macho kuliko kukupa mgongo."

Kwa hiyo Bibi alipanda mbele, mtungi mapajani, mimi katikati. Mama alipakiwa nyuma na Baba akimshika mkono kama mgonjwa, naye hakupinga. Nguvu ya kukataa ilikuwa imemwisha. Ambakisye aliendesha polepole hata watoto waliotembea kwa miguu walitupita na kutuzomea. Kila penye shimo alisema, "Samahani, bibi." Tulipofika katikati ya safari nilimsikia anaongeza, akiuangalia mtungi kwa jicho la pembeni, "Samahanini na ninyi mliomo humo." Kwenye kijito alisimama mwenyewe bila kuombwa.

"Bibi, hao hawana kiu?"

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Mungu akuzidishie watoto, baba," alisema. Akaongeza maji kiganja kimoja, na safari ikaendelea.

Kijiji kipya kilikuwa mistari. Nyumba mstari, vyoo mstari, na upepo ulipita katikati bila kugonga kitu. Majirani walikuwa watu wa vilima vingine ambao hatukujua misiba yao. Bibi hakusubiri nyumba iezekwe. Alizunguka na ule mtungi kichwani akitafuta maji, na yale aliyoonyeshwa ya kisima cha kijiji aliyakataa. "Haya yanachekacheka," alisema. Mwishowe, nyuma ya kijiji, chini ya mwamba, penye vichaka vizito, alikuta chemchemi ndogo isiyotumiwa na mtu, yenye ukangaga kidogo na maji baridi kama jino la barafu. Akamwaga mtungi wake hapo, taratibu, kwa magoti. Nilimwona yule mwenye mkono usoni akizama kwenye tope. Nilifurahi kwamba hatulali naye tena nyumba moja.

Mama alipoambiwa, alisema, "Mmeleta tope. Mwanangu amebaki kule."

Mvua ya kwanza ilipiga usiku, na asubuhi kitanda cha Mama kilikuwa kitupu.

Baba hakuuliza ameelekea wapi. Aliazima baiskeli ya Mzee Kauzeni, akanikalisha kwenye keria. "Mimi nikimwita hatasikia," alisema. "Pengine wewe." Tulikwenda njia ile ya lori, matope yanatumwagikia, Baba akisukuma penye mlima. Njiani nilijaribu kulitengeneza neno nitakalomwambia. Sikulipata.

Bondeni kwetu hapakuwa kwetu. Mfereji ulikuwa umekata kinamasi katikati kama kisu kwenye mkate. Maji yalikuwa yamekwenda. Ardhi ile iliyokuwa ikitetemeka ilikuwa imekauka ikapasuka, na mvua ya usiku ilikuwa imeingia kwenye mipasuko na kupotea. Ukangaga ulikuwa umechomwa moto. Mama alikuwa ndani ya mfereji, anatambaa kwa magoti, anashika kila bua lililoungua, analigeuza, analiachia, anashika jingine. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Juu yake alikuwepo mmoja wa wale wa kule. Mmoja tu. Alikuwa anakwenda na kurudi juu ya mfereji, anafika mahali yalipokuwa maji, anashuka, anagusa udongo kwa ncha ya mkia, anapanda, anarudi tena. Mpaka leo nikifumba macho namwona. Alikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa, anapapasa ukuta.

"Mama," niliita.

Hakugeuka. Alisema, lakini si kwangu, "Hawana pa kuvulia nguo."

Baba aliteremka mfereji na viatu vyake, akakaa kwenye tope karibu naye. Hakumvuta. Walikaa hivyo mpaka mvua ikaanza tena, ndipo alipomnyanyua. Tulirudi naye kwenye baiskeli, mimi nikitembea nyuma nimeshika khanga yake, nikihofia kwamba nikiiachia atapeperuka.

Alirudi na homa. Siku zile chache Bibi alimkalia kitandani akimkanda kwa maji moto, na homa ilipopungua hakumpa nafasi ya kubishana.

"Kesho kukipambazuka unakwenda nami."

"Kwenye tope lenu?"

"Kwenye tope letu. Ukikuta hakuna kitu, sitakusumbua tena. Utalia unavyotaka."

Nilikwenda nao bila kualikwa. Ukungu ulikuwa umelala chini ya mwamba, mvua imekatika, na kila jani lilikuwa linadondosha tone. Bibi alisukuma vichaka akampisha Mama mbele. Mama alitazama ukangaga bua kwa bua, kama alivyofanya mferejini, bila haraka na bila matumaini. Alipomaliza upande mmoja aligeuza uso, na nikaona kwamba anataka kuondoka, na kwamba akiondoka safari hii hatarudi kwetu, hata kama mwili wake utaendelea kutupikia ugali.

"Ngoja," alisema Bibi. "Huyo hapo. Anapanda."

Kilikuwa kile kitu changu cha kwenye mtungi. Kilitoka majini kikipanda bua, mguu baada ya mguu, kizito, tope linakichuruzika, kama mzee anayepanda ngazi. Kikafika usawa wa kiuno cha Mama, kikasimama. Sisi nasi tulisimama. Kisha mgongo wake ukapasuka.

Sijui niwaambieje. Kupitia ule mpasuko ulitoka mgongo mwingine, mweupe, mlaini, halafu kichwa, macho yake yana ukungu kama ya mtoto aliyezaliwa saa hiyo. Akaning'inia kichwa chini, nikadhani amekufa. Akajikunja ghafla, akalishika ganda lake mwenyewe, akauchomoa mkia. Mabawa yalikuwa yamekunjamana kama shuka lililokamuliwa. Yakajinyoosha kidogo kidogo, mbele ya macho yetu, na utepe ule mweusi ukaanza kuonekana, hafifu kwanza, halafu kweli.  Jua lilipogusa mwamba alitikisa mabawa, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu anayepumua kwa pua akiwa usingizini. Akageuka. Akamwelekea Mama. Akaondoka.

Mama alinyoosha mkono, akaibandua nguo ile kwenye bua. Haikupasuka. Alitoa sauti ambayo sikuijua, nikaogopa, mpaka nikatambua kwamba analia kwa sauti, kile kilio alichokatazwa siku ya kuzika. Bibi alimwacha. Alilia mpaka ndege wakahama mti. Alipomaliza, alijipangusa uso kwa kiganja, akatazama huku na huku kama mtu anayehesabu waliobaki.

"Skola," aliniita. "Njoo uone nguo ya mdogo wako."

Jina langu. Nilienda nikiwa nimefungua mdomo wote, pengo na yote.

Ulezi mwaka ule ulistawi kuliko kawaida. Tulifanya palizi, na Bibi alikuja shambani akakaa kwenye kivuli akitutania. Halafu akaacha kuja. Halafu akaacha kutoka nje. Mimi nilikuwa nimeyashika maneno yake, na hakuna mwingine aliyeyajua. Ulezi ulipoanza kubadilika rangi nilikimbia shambani nikachuma masuke yaliyotangulia kuiva, nikayapukusa, nikayasaga kwenye jiwe peke yangu, nikakoroga uji mwepesi, nikampelekea. Nilikusudia kuvunja lile neno.

"Bibi, kunywa kidogo. Hata kijiko."

Alinusa. Akajua mara moja. Alitabasamu, na kinywani hamkuwa na jino hata moja, sijui kwa nini siku zote nilikuwa sioni. Akafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Nilimsihi, nikalia, nikamgusisha kijiko midomoni.

"Wewe unataka nidaiwe na maji?" alisema. "Kunywa mwenyewe. Mtamu."

Tulivuna tukiwa kwenye matanga.

Alikuwa amemwambia Mama amzike kule kwenye chemchemi. "Sina meno mimi, nimerudi kuwa wao," alisema. Baba hakukubali, kwa kuwa Bibi alikuwa mbatizwa na rozari yake, akazikwa kanisani. Ila Mama alichota maji ya kuoshea mwili chini ya mwamba, akamwosha kwa hayo, na Baba alijifanya hakuona.

Nimeishi na jambo hili muda mrefu, nikaligeuza pande zote. Najua ni mdudu. Wajukuu wamenionyesha kwenye simu jinsi anavyokaa majini muda mrefu kabla ya kuota mabawa, na ule mkono wa usoni nimeuona tena, nikacheka na kusisimka mwili. Najua pia Bibi alikuwa mzee, alipiga magoti kwenye maji ya baridi, akakaa mbele ya lori, akalala nyumba isiyo na paa. Mtu anaweza kufa kwa hayo bila kudaiwa na maji. Yote haya nayajua. Lakini mtu akiniuliza nani alimrudisha Mama kutoka ng'ambo, siwezi kumjibu kwa simu.

Kuna binti wa chuo aliwahi kuja na wavu na miwani, mpole, anaamkia kila mtu. Alikaa siku nzima chini ya mwamba. Alirudi akisema kereng'ende hawa wanajulikana mahali pachache mno katika milima na nyanda hizi, na kwamba hawapendi kuvuka nchi kavu.

"Sasa bibi, hapa walifikaje?"

"Walikuja na lori," nilimwambia.

Alicheka. Nikamngoja amalize, kisha nikampa kigoda. Alipoondoka jua lilikuwa linatua, na hakuwa amekamata hata mmoja. Ndiye aliyetufundisha kwamba mikaratusi iliyopandwa juu ya mwamba inanyonya chemchemi, na wanaume wa kijiji, baada ya kelele nyingi, wakaing'oa. Si wote waliong'oa kwa sababu ya kereng'ende. Wengine mama zao walikwenda pale alfajiri, na wanajua.

Mali ya Bibi iligawanywa baada ya arobaini. Shangazi alichukua jembe na jiwe la kusagia. Baba alichukua kigoda na kibweta cha ugoro, ingawa hakuvuta. Mama alipewa rozari, na mdogo wangu wa kike aliyezaliwa baada ya mavuno yaliyofuata alipewa jina la Bibi. Chemchemi hakuna aliyeitaja kwenye kikao. Mama ndiye aliyeanza kuwapeleka wenzake waliofiwa, wa vilima vyote, wakristo kwa wapagani, na alipochoka miguu nikawapeleka mimi. Sasa ya kwangu nayo imechoka. Kwa hiyo sikieni, na wewe sikia, Oresta mjukuu wangu, uliyekaa karibu na mlango tangu umzike wa kwako na hujanijibu neno. Shamba ni la wajomba zako, nyumba ni ya mama yako. Chemchemi ni yako. Mvua zikianza nitakushika mkono mpaka kwenye vichaka, na mbele ya hapo utatangulia wewe.